Madaftari ya Mlimani, Kimya cha Njoro

Vijitabu vya jubilei vya sharika na parokia za Kilimanjaro hufanana kama sare za kwaya. Ukurasa wa kwanza una salamu za askofu, wa pili una picha ya mmisionari mwenye ndevu aliyesimama mbele ya nyumba ya mabati, kisha hufuata orodha ya wachungaji au maparoko na miaka yao, historia ya jengo, gharama za paa jipya na shukrani kwa wafadhili. Kwa Walutheri hesabu huanza mwaka 1893, Misheni ya Leipzig ilipoingia Machame. Kwa Wakatoliki huanza 1890, Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Kilema. Tarehe hizo ni za kweli na hapa hazigombaniwi. Kinachogombaniwa ni mpangilio wenyewe, unaoanza na mgeni anayewasili na kuishia na jengo linalozinduliwa, kana kwamba katikati hapakuwa na mtu. Ushahidi ukisomwa kwa makini unaonyesha kwamba kanisa la Kilimanjaro, hasa lile la Kilutheri ambalo leo ni Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lilisimamishwa na kulindwa na walimu wa vijijini, wazee wa kanisa na kina mama wa mitaa, na kwamba habari zao zimelala kwenye madaftari yasiyofunguliwa. Ukitaka kupima ukubwa wa pengo hilo, usipande Machame wala Kilema. Shuka mpaka Njoro, chini kwenye mji wa Moshi.

Tuanze na safari ya kwanza kabisa, maana kasoro ilianzia hapo. Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumikia chama cha misheni cha Kianglikana cha CMS akitokea Rabai, aliiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, na jina lake limo katika kila kitabu cha jiografia. Aliyemwongoza ni Bwana Kheri, mkuu wa misafara, Mwislamu wa pwani aliyezijua njia, visima na adabu za kubisha hodi kwa mangi, yaani chifu wa Kichagga. Injili, kwa maneno mengine, ilipanda Uchaggani ikiongozwa na Mwislamu. Si aibu kwa yeyote, ila ni nadra kulikuta jambo hilo kwenye salamu za jubilei. CMS walirudi mwaka 1885, baada ya Askofu James Hannington kuzuru mlima miezi michache kabla ya kuuawa Busoga, wakafungua kituo kwa Mangi Rindi wa Moshi, ile tunayoiita leo Old Moshi. Rindi alifariki mwaka 1891. Juni 1892 mwanawe Meli aliwashinda Wajerumani waliokuja na afisa wao von Bülow, na serikali ya kikoloni ikawatilia shaka wamisionari wa Kiingereza kwamba walikuwa upande wa mangi. Kituo kikafungwa, wakahamia Taveta. Leipzig wakaanzia Machame kwa Mangi Shangali mwaka 1893, wakafika Mamba mwaka uliofuata, na Kidia, Old Moshi, mwaka 1896. Wakatoliki, waliokuwa Kilema kwa Mangi Fumba, walifungua Kibosho kwa Mangi Sina mwaka 1893, miaka miwili tu baada ya Wajerumani wa Wissmann kuivunja ngome ya Sina.

Ukiziweka tarehe hizo kando kwa kando na siasa za wakati ule, unaona kwamba wamangi hawakupokea dini kama mtu anayenyeshewa mvua. Kila mmoja alipima: nani ana urafiki na jirani yangu, nani atanisogeza karibu na Wajerumani, nani ataniepusha nao, nani ataleta shule bila kuleta askari. Ramani ya madhehebu ya Kilimanjaro, ambayo hadi leo inawafanya watu wa Kibosho na Rombo kuwa Wakatoliki kwa sehemu kubwa, na wa Machame, Old Moshi na Mamba kuwa Walutheri, ni ramani ya maamuzi ya wamangi wa miaka ya 1890. Hoja ya kwamba wenyeji walikuwa wapokeaji tu inaanguka kabla hata mwalimu wa kwanza hajashika chaki.

Hata majina ni hati. Kwenye daladala ya Moshi kwenda Marangu, ukisikia abiria mmoja akiitwa Kundaeli na mwenzake Gaudence, huna haja ya kuuliza wanasali wapi. Daftari la ubatizo la Kikatoliki liliandikwa kwa Kilatini na kwa kalenda ya watakatifu, ndiyo maana Wachagga wa upande huo wakawa kina Aloyce, Remigius, Prosper na Ludovick. Upande wa Leipzig, ambako jina la lugha ya nyumbani lilipendelewa, palizuka aina ya majina isiyo ya Ulaya wala ya mababu: neno la Kichagga limeshikanishwa na Eli, Mungu kwa Kiebrania. Kunda ni kupenda; Kundaeli ni jina la mtu aliyezaliwa katikati ya Kichagga na Agano la Kale. Solomon Eliufoo, aliyekuja kuwa kiongozi wa Wachagga na baadaye waziri katika serikali ya Nyerere, alibeba jina la kiwanda hicho hicho. Hakuna mkutano wa kamati huko Leipzig ulioyatunga majina hayo mamia kwa mamia. Yalitungwa na wazazi, wasimamizi wa ubatizo na walimu, Jumapili moja baada ya nyingine, mbele ya beseni la maji. Ni teolojia ya wenyeji iliyoandikwa neno moja moja, na mahali pekee inaposomeka kwa mfululizo, ikiwa na tarehe, jina la baba, jina la mama na la msimamizi, ni kwenye daftari la ubatizo la usharika.

Lakini ushahidi mzito kuliko yote ni ule wa miaka ambayo wamisionari hawakuwepo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwafukuza Wajerumani, na kufikia 1920 vituo vya Leipzig vilikuwa karibu vitupu. Mlimani hapakuwa na mchungaji hata mmoja wa Kichagga aliyebarikiwa. Walikuwepo walimu, yaani watu wale wale waliofundisha a-e-i-o-u asubuhi na Amri Kumi mchana, na walikuwepo wazee waliochaguliwa na majirani zao. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walianza kuja mwaka 1922, wachache mno kwa eneo lote lile, na Leipzig waliruhusiwa kurudi kuanzia 1925. Waliporudi hawakukuta magofu. Walikuta sharika zinazosali, watoto wanaofundishwa na wazee wenye mamlaka ambayo hayakutoka kwao. Jambo hilo lilijirudia Vita ya Pili ilipozuka na Wajerumani wakawekwa kizuizini: katikati ya dhiki hiyo, mwaka 1942, lilijitokeza Kanisa la Kilutheri la Tanganyika ya Kaskazini. Miaka 13 baadaye, Novemba 1955, Walutheri kutoka pande zote za Afrika walikutana Marangu, mkutano wa kwanza wa aina yake barani. Na tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yalipoungana kuwa KKKT, mkuu wa kwanza wa kanisa jipya alikuwa Stefano Moshi, mzaliwa wa Kotela, Mamba, ambaye kabla ya joho la uaskofu alikuwa mwalimu.

Haki itendeke hapa: hoja hii inawabana Walutheri kuliko Wakatoliki. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wengi wao wenyeji wa Alsace, hawakung'olewa kwa namna ile, na uongozi wa wageni ulidumu kwa muda mrefu, hadi Joseph Kilasara alipokuwa askofu wa Moshi mwaka 1960. Hata hivyo, kanisa la Kilema lilikuja na Wakristo wa Bagamoyo, misheni iliyojengwa mwaka 1868 kwa kiasi kikubwa na watu waliokombolewa utumwani. Watu wasio na ukoo mlimani, waliojua Kiswahili na katekisimu kabla Mchagga yeyote hajazijua. Baadaye wakaja makatekista wa vigango, na kuanzia 1931 Masista wa Bibi Yetu wa Kilimanjaro pale Huruma. Historia yao haihitaji kufukuzwa kwa mapadre ili ionekane. Inahitaji tu mtu wa kuitafuta mahali ilipo.

Kwamba wenyeji waliweza kuandika, na waliandika, si jambo la kukisia. Nathaniel Mtui wa Marangu, kijana aliyesomeshwa na Walutheri, alijaza madaftari tisa kati ya 1913 na 1916. Aliandika umangi mmoja baada ya mwingine: nani alimzaa nani, nani alihama kutoka wapi, vita gani vilipiganwa kwa ajili ya mpaka au ng'ombe. Aliandika akiwa na faida ambayo hakuna mgeni aliyekuwa nayo, kwani aliwahoji wazee kwa lugha yao wakati ambapo watu waliomwona Rindi kwa macho bado walikuwa wakiota jua kwenye vihamba vyao, mashamba ya ukoo. Mtui aliuawa mwaka 1927. Mwaka 1964, Kathleen Stahl alipochapisha historia kubwa ya Wachagga, madaftari yale tisa yalikuwa kati ya nguzo zake, naye alilisema hilo waziwazi. Kwa hiyo mwanahistoria wa kwanza wa Uchagga tunayemjua kwa maandishi alikuwa mtoto wa shule ya misheni, na kazi yake ilimfikia msomaji baada ya zaidi ya miaka 30 tangu kifo chake, ikiwa imepitia mkono wa mtu mwingine na lugha nyingine. Ukiuliza sharika zina madaftari mangapi ya namna hiyo, unauliza swali la msingi kabisa la historia ya taasisi hii. Mtui hakuwa mwalimu pekee aliyejua kushika kalamu. Tabia ile ile ya kuandika mihtasari na hesabu ndiyo iliyovuka kutoka kanisani kuingia kwenye kahawa: Joseph Merinyo wa Old Moshi, mtu wa misheni, aliongoza chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1925, ambacho mwaka 1933 kilizaa chama cha ushirika cha KNCU.

Msomaji makini atapinga: mbona eneo hili limeandikwa kupita kiasi? Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kukaa Kidia, ukiacha miaka ya kufukuzwa, hadi 1938, aliandika juu ya sheria za Wachagga, mafundisho ya jando, methali, ndoa na mifugo kwa wingi ambao makabila machache ya Afrika yamewahi kuandikiwa. Johannes Raum aliandika sarufi ya Kichagga, na mwanawe Otto akaandika juu ya malezi ya watoto. Petro Itosi Marealle alichapisha kwa Kiswahili, mwaka 1947, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Wasomi wa vyuo nao hawakulala: Anza Lema aliandika tasnifu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu athari za Leipzig, John Kieran aliandika London juu ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Pingamizi hili lina nguvu na halijibiwi kwa kulipuuza. Ila tazama miaka ambamo kazi hizo mbili za mwisho zinaishia: ya Kieran inakomea 1914, ya Lema inakomea 1920. Si kosa lao. Walifuata nyaraka, na nyaraka za kigeni zinapungua pale pale walimu wanaposhika usukani. Matokeo yake ni kwamba miaka iliyoandikwa sana ni ile ya wamisionari kuwepo, na miaka iliyoandikwa kidogo ni ile iliyolifanya kanisa liwe la wenyewe.

Gutmann anastahili neno la ziada, kwa sababu wingi wa maandishi yake ndio uliotuachia pengo la pili. Alikuwa msikilizaji wa ajabu, na aliamini kwamba Mungu ameweka vifungo vitatu katika maisha ya Mchagga, yaani ukoo, ujirani na rika, na kwamba usharika lazima ujengwe juu ya vifungo hivyo, si juu ya mtu mmoja mmoja. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha kwa vikundi wasaidiane maisha yao yote, kama rika lilivyofanya zamani. Ni wazo lenye busara, na athari zake zingali zinaonekana jinsi mitaa ya sharika inavyogawanywa kufuata ujirani. Lakini wazo hilo lilikuwa na kivuli. Gutmann aliuogopa mji. Kwake pesa, ajira, reli na Kiswahili cha sokoni vilikuwa moto unaokula vifungo vile vitatu. Kwa hiyo mtazamaji mwenye jicho kali kuliko wote aliowahi kuwapata Mchagga aliuelekeza uso wake mlimani kwa makusudi, na mgongo wake ukawa umeelekea Njoro. Chama cha Leipzig kwa jumla kilitumia Kichagga, yaani Kimochi na Kimachame, mahali ambapo wengine walitumia Kiswahili. Mkristo wa mjini, anayeongea Kiswahili na Mpare mwenzake wa reli, hakuwa na sura ya kukaa ndani ya vitabu vile.

Na mji ulikuja. Reli kutoka Tanga ilifika tambarare ya Moshi na kufunguliwa mwaka 1912, na Moshi mpya ikakua kuizunguka stesheni wakati Moshi ya zamani ikibaki kilimani. Njoro ipo upande wa chini, jirani na msitu wa Rau, mahali ambapo maji yaliyozama kwenye miamba ya mlima hutokeza tena. Neno lenyewe linakaribiana na enchoro la Kimaasai, yaani chemchemi, na majina ya vijisehemu vyake yanasema mengi kuliko kitabu chochote cha jubilei: kuna Njoro ya Dobi, kuna Njoro ya Goa. Dobi ni mfua nguo, kazi isiyo ya kihamba wala ya ukoo. Ni kazi ya mji, ya watu wanaovaa mashati yanayohitaji pasi. Na Wagoa, katika miji yote ya reli ya Afrika Mashariki, walikuwa makarani, mafundi cherehani na waokaji mikate, na walikuwa Wakatoliki kwa karne nyingi kabla mangi yeyote hajakutana na padre. Majina mawili ya chemchemi yanatosha kutushtua: Ukristo wa mji wa Moshi haukuteremka wote kutoka Kilema na Kidia. Mwingine ulikuja kwa treni na mwingine ulivuka bahari, ukakaa mlango kwa mlango na Waislamu ambao walikuwa mjini pale tangu mwanzo.

Kwa nini basi Njoro haina historia ya kanisa inayolingana na ya Machame au ya Kibosho? Jibu liko kwenye kalenda. Kila Desemba mji wa Moshi humwagika kuelekea juu, na maelfu hufika kutoka Dar es Salaam na Arusha wakipitiliza bila kuugusa mji. Krismasi husaliwa mlimani. Mtoto aliyezaliwa Njoro hupandishwa kubatizwa kwenye usharika wa babu yake. Harusi hufungwa huko. Na mtu akifa, hata akiwa amekaa Njoro miaka 40, huzikwa kihambani. Fikiria sasa vitabu vitatu vinavyotunza kumbukumbu ya Mkristo: cha ubatizo, cha ndoa na cha mazishi. Vyote vitatu vinamtaja mlimani. Mjini, mahali alipoamka kila siku, alipofanya kazi, alipoingia jumuiya na kwaya, alipotoa sadaka, hatajwi. Mwanahistoria anayefuata vitabu hivyo ataamini kwamba mji ni nyumba ya wapangaji wasioacha alama. Wakristo wenyewe wamelikubali hilo: ukiuliza mtu wa Njoro juu ya historia ya kanisa lake, atakusimulia habari za Kidia.

Yapo maandishi ya mjini, ila ni ya aina nyingine. Katika usharika wa Kilutheri kila mtu mzima ana namba ya bahasha, na katika kitabu cha bahasha huandikwa ahadi ya mwaka na kile kilichotolewa, Jumapili kwa Jumapili. Baada ya ibada hufuata mnada wa sadaka za mazao nje ya mlango wa kanisa. Mkungu wa ndizi ukinadiwa hununuliwa, aliyeununua huurudisha, hunadiwa tena, na unaweza kuuzwa mara tatu kabla haujafika jikoni kwa mtu. Mayai, kuku na maziwa hupita njia hiyo hiyo, na mzee wa zamu huandika kila shilingi kwenye daftari la mistari lenye jalada lililochakaa pembeni. Mtu anaweza kuyacheka madaftari hayo. Lakini yanatuambia nani alikuwepo wakati gani, bei ya kahawa iliposhuka sadaka ilifanyaje, mwanamke gani asiye na cheo alitoa kila juma kwa miaka 20 bila kukosa, na lini watu wenye majina ya Kipare, Kisambaa au Kirangi walianza kuhesabiwa miongoni mwa washarika. Kwa upande wa Wakatoliki, madaftari ya jumuiya ndogo ndogo na ya WAWATA, chama cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 1972, yanafanya kazi ile ile. Historia ya kanisa la mji imo humo. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaona kuwa ni nyaraka.

Pingamizi la pili husikika zaidi kwa wachungaji kuliko kwa wasomi: kazi ya Mungu haihitaji majina ya watu, na kuwatukuza walimu ni kuanzisha ibada ya mababu kwa mlango wa nyuma. Lingekuwa pingamizi la haki kama tungekuwa tumeyanyamazia majina yote. Hatujayanyamazia. Kreta iliyo juu kabisa ya Kibo inaitwa Reusch, jina la mmisionari Richard Reusch. Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliouawa Akeri kwenye mlima Meru Oktoba 1896, wanatajwa kila panapotajwa mwanzo wa kanisa huko, na ni haki yao. Wachagga waliokufa pamoja nao usiku ule wanatajwa kwa sauti ya chini zaidi. Uganda haikuona tabu kumkumbuka Apolo Kivebulaya, mwalimu aliyepeleka Injili hadi Boga upande wa Kongo, na hakuna aliyesema Waganda wameabudu mizimu. Kunyamaza kukiwa kwa upande mmoja tu, huwezi kukuita unyenyekevu.

Wengine husema masimulizi ya wazee hayaaminiki, kila ukoo unamvuta mwalimu kwake. Kweli, na barua za wamisionari kwa wafadhili nazo zilivuta upande wake: ziliandikwa ili sadaka ije. Dawa ya kumbukumbu inayoyumba ni kuipambanisha na daftari, na dawa ya daftari kavu ni kulisoma mbele ya mzee anayemfahamu mtu aliyeandikwa. Hapo ndipo ugumu halisi unapoanza, maana maandishi ya zamani yamegawanyika kwa lugha na kwa bara. Kurasa za mwanzo ziko kwa Kijerumani cha mwandiko wa kizamani ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa taabu; zinazofuata ni za Kichagga, kisha Kiswahili. Hazina ya Leipzig imehifadhiwa Halle, kwenye taasisi ya Francke. Ya Mapadre wa Roho Mtakatifu iko Chevilly-Larue karibu na Paris, na ya CMS iko Birmingham. Picha za Leipzig zimewekwa kwenye mtandao na Chuo Kikuu cha Southern California, ambapo kijana wa Njoro mwenye simu anaweza kuona Kidia ilivyokuwa kabla ya Vita ya Kwanza: Mzungu ametajwa kwa jina, na waliosimama kando yake mara nyingi wameandikwa mwalimu, mkewe, wanafunzi. Kijana huyo huyo hawezi kuliona daftari la ubatizo la bibi yake lililoko kilomita chache kutoka kwake, ndani ya kabati la ofisi ambayo mchwa na unyevu wa masika vina funguo zake.

Tena kuna hasara iliyokwisha kutokea bila moto wala mchwa. Shule za misheni zilipotaifishwa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, mwalimu wa kanisa na mwalimu wa serikali walitenganishwa rasmi, na vitabu vya kumbukumbu za shule vikawa mali ya serikali. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake, na watoto wengi wasio Wakristo walipata darasa kwa ajili yake. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, ulimkata mwalimu vipande viwili: nusu yake iko kwenye ofisi ya elimu, nusu nyingine iko kwenye kabati la usharika, na hakuna aliyewahi kupewa kazi ya kuziunganisha.

Kinachotakiwa hakihitaji mfadhili wa ng'ambo. Kila usharika una katibu, kila parokia ina karani, na karibu kila jumuiya ina kijana mwenye simu inayopiga picha safi. Orodha ya madaftari yaliyopo, ikiwa na mwaka wa kuanza na wa kuishia, ni kazi ya alasiri chache. Picha za kurasa za kabla ya 1963 ni kazi ya kiangazi kimoja. Mambo ya siri, kama vile kesi za nidhamu na ndoa zilizovunjika, yafungwe kwa miaka itakayokubaliwa na baraza la wazee, na yaliyobaki yafunguliwe. Na kijitabu kijacho cha jubilei kimweke mmisionari ukurasa wake, halafu kiwape kurasa kumi zinazofuata walimu, makatekista na wazee, kwa majina na miaka.

Wewe unayesoma haya ukiwa Njoro, Pasua au Rau: ndani ya Biblia ya bibi huenda kuna cheti cha ubatizo kilichokunjwa, au kadi ya kipaimara, au daftari la mnada alilolishika mzee alipokuwa zamu. Kipige picha mchana karibu na dirisha. Andika kwenye karatasi ni cha nani, kilitoka usharika au kigango gani, na mwenyewe alifika mjini mwaka gani, kisha mpe katibu nakala na cha asili ukirudishe ndani ya Biblia. Ukishindwa kupanga pa kuanzia, mwandike kwanza yule aliyekuja kwa treni.